Kifungo cha Kumi na Mbili

Kiherehere nimezaliwa nacho, sikatai, na siku ile nusura kimkoseshe wifi yangu masomo.

Wifi, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani. Mimi kazi yangu kumalizia: napiga pasi, nakunja pindo, nashona vifungo. Ana miaka arobaini na mmoja na anasoma kidato cha nne darasa la watu wazima, saa tisa alasiri, shule ya mtaa wa pili. Mara mbili alishaanza akaacha, zote kwa ajili ya sayansi. Safari hii aliniambia, "Wifi, nikiaibika tena mbele za watu, sirudi. Bora nizeeke na cherehani yangu."

Mwalimu alitaka kila mmoja atengeneze mfano wa atomu, asimame auelezee. Asiyeweza, jina lake haliendi kwenye mtihani. Wifi alipewa sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi. Kiini akakifanya kwa mpira wa vitambaa, akakishonea shanga nyekundu kumi na moja, ndizo protoni, na nyeupe kumi na mbili, nyutroni. Hanga tatu za waya, zile za kutundikia nguo, akazikunja duara, akazifungia vifungo vyeusi kwa uzi: elektroni hizo. Wiki nzima alikuwa akinung'unika hesabu zake hata akiwa jikoni.

Siku ya siku ikafika. Alipoingia ndani kubadili nguo, nikakiangalia kitu chake. Duara la ndani vifungo viwili, la kati vinane, la nje kimoja tu, kinaning'inia peke yake. Nikasema, maskini wifi, haraka haraka haina baraka, huyu kasahau. Nikamfungia cha pili upande wa pili, kikakaa sawa, nikaridhika kweli kweli. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema uhesabu kwanza.

Wifi akabeba mfano wake akaenda. Nilipokuwa nafuta meza nikaiona karatasi yake: mbili, nane, moja. Ile moja kaipigia mistari miwili. Nikatoka na kandambili, tepu ya kupimia ingali shingoni, mbio mpaka dirisha la darasa.

Nimeshachelewa. Wifi yuko mbele, anahesabu vifungo kwa kidole. Alipofika kumi na mbili kidole kikasimama. Nikatamani ardhi inimeze.

"Vipi, mama?" mwalimu akauliza.

Wifi akazihesabu shanga nyekundu, moja moja. Kisha akakivuta kile kifungo changu, akaukata uzi kwa meno. "Hiki kimezidi, mwalimu. Protoni kumi na moja, elektroni nazo kumi na moja, ndipo chaji zinalingana. Huku nje sodiamu ana kimoja tu, na hicho ndicho anachokitoa upesi akikutana na wenzake."

"Sasa kile kimetoka wapi?"

"Kwa wifi yangu, yule pale dirishani. Hawezi kuona kitu kimepungua."

Darasa likacheka, nami nikacheka nao, machozi yananitoka. Mwalimu akafungua orodha ya mtihani, akaandika jina la wifi hapo hapo. Hapo ndipo niliposhusha pumzi.

Njiani nikamwomba msamaha.

"Nilipofika kumi na mbili nilijua nimekwisha," akasema. "Halafu nikajiuliza, kwani mimi sijui?" Akauhamishia mfano wake mkono wa pili. "Wifi, kumbe najua."