Siku Niliyomfundisha Baba Mkwe Kucheza Gofu

Pale Ekalakala wapo watu ambao hadi leo wakiniona wananiuliza kama gari lilishatoka kwenye mbaazi, na kwa kuwa hadithi yenyewe inazidi kunenepa kila inaposimuliwa na wengine (juzi nimesikia eti nilitoka kwa dirisha la gari), nimeona heri niisimulie mwenyewe, mwenye aibu yake.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mutuku, mtoto wa mkulima wa Machakos, sikusomeshwa na mjomba tajiri wala na mbunge. Nilienda Uingereza nikaosha vyombo na kusoma, nikarudi na diploma ya umeme wa magari, na baada ya muda si mrefu nilikuwa na karakana yangu pale Kyumbi, gari jeupe la Pijo, na mashine ya kucheza gemu kwenye televisheni, pamoja na kaseti yake moja tu, ya gofu. Miaka hiyo ya tisini sijui kama Machakos nzima kulikuwa na mwingine mwenye gemu ya gofu. (Kama alikuwepo, hakuwa na diploma.)

Basi nikampenda Mwende, mwalimu, ambaye kwao ni Ekalakala, na siku ikapangwa ya kupeleka mbuzi wa ntheo, wale ambao mmoja wao akichinjwa na kuliwa na pande zote mbili, msichana ni wako na hakuna mwingine atakayebisha hodi. Lakini kabla ya siku hiyo Mwende aliniambia wazi: "Baba hana shida na wewe. Shida ni mama. Anasema watu wakikaa Ulaya wanarudi bila nthoni."

Nthoni ni ile haya ya heshima tuliyo nayo Wakamba mbele ya wakwe. Mama mkwe humkaribii, humtazami usoni, ukimwona njiani unapisha. Baba mkwe humkatalii kitu. Na huyo mama akisema hapana, mbuzi wangerudi nyumbani pamoja nami.

Tulienda na mjomba wangu Nzioki awe msemaji, mbuzi wakiwa nyuma ya gari na sanduku la gemu miguuni pake.

"Hii sanduku ni ya nini?" akauliza.

"Kitu kidogo tu cha kuonyesha, mjomba."

"Kuonyesha nani? Tunaenda kuomba mtoto ama tunaenda shoo?"

Sikumjibu, kwa sababu mjomba hajawahi kutoka nje ya Kenya.

Tulipokelewa vizuri na Mzee Kilonzo, babake Mwende. Boma lake halikuwa na stima, lakini sebuleni kulikuwa na televisheni ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari, na betri ilikuwa imetoka kuchajiwa sokoni kwa sababu saa kumi kulikuwa na fainali ya mpira na majirani wote walialikwa. Mazungumzo ya ntheo yangefuata baada ya mpira. Mama Mwende alikuwa jikoni na wanawake wenzake, sikuona hata kivuli chake, na ndivyo inavyotakiwa.

Tulipokuwa tukingoja, mzee akaniuliza, kwa kupitisha wakati tu, "Huko Ulaya ukitoka kazini ulikuwa ukifanya nini?"

Ningesema nilikuwa nalala. (Nilikuwa nalala.) Lakini nikasema, "Nilikuwa nacheza gofu, mzee," nikaenda kuchukua sanduku, nikaunganisha waya zangu kwenye betri na televisheni kwa ustadi, nikamwambia mjomba, ambaye alishaanza kunikazia macho, "Shimo moja tu."

Kwenye kioo akatokea mtu mdogo mwenye kofia, amesimama juu ya nyasi. Unabonyeza, mstari unapanda, unabonyeza tena palepale nguvu inapokutosha, mpira unaruka. Wangu ulitua karibu kabisa na bendera. Mzee akaangalia, akakohoa, akanyoosha mkono. "Lete hapa."

Mpira wake wa kwanza uliingia ziwani. Wa pili ukaufuata.

"Maji tena!" akalalamika. "Hawa watu wako na maji mengi hivi, halafu kazi yao ni kuyatupia mipira? Sisi huku tunachimba mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa!"

"Na nyasi yote hiyo," mjomba akadakia, hasira imemsahau, "hakuna hata ng'ombe mmoja?"

"Nyamaza Nzioki, napima upepo."

Shimo moja likawa mawili, mawili yakawa sijui mangapi, mzee amevua koti na anambembeleza yule mtu mdogo kwa Kikamba, na mimi nikaona kitu ambacho hakuna mwingine pale aliyekiona: picha ilikuwa inapungua pembeni. Betri ilikuwa inakufa. Nina diploma ya jambo hilohilo. Lakini nimwambieje mtu ninayemwomba binti, "Mzee, basi, inatosha"? Nikasafisha koo. Nikasafisha tena. Mjomba akaniuliza kama nina homa. Picha ikawa kama kipande cha sabuni, ikawa nukta, ikazimika, na dakika hiyohiyo tukasikia majirani langoni wakija na viti vyao kutazama mpira.

Mzee alitazama kioo, akanitazama mimi. Nikasimama kabla hajasema neno. "Msijali wazee, gari yangu iko na betri!"

Nikaleta Pijo hadi dirishani, nikavuta waya, televisheni ikawaka, watu wakanipigia makofi, na nikaacha injini inanguruma kama afanyavyo mtu aliyesoma. Haikupita muda, mzee mmoja mbele akageuka. "Kijana, zima hiyo gari, hatusikii mtangazaji." Baba mkwe akatingisha kichwa kukubaliana naye. Nikazima. Ningefanyaje? Timu zikatoka sare, wakaongezewa muda, wakatoka sare tena, wakaenda penalti, na katika umati ule wote mimi peke yangu nilikuwa naomba mtu afunge, yeyote, hata kwa mkono.

Mpira ulipoisha jua lilikuwa limeinama. Mjomba alizungumza vizuri, mbuzi walitazamwa, kisha mzee akatuma swali jikoni. Jibu lililetwa na shangazi yake Mwende: "Mama anasema bado anafikiria."

Mjomba akaninong'oneza tuondoke upesi, turudi siku nyingine kusikia uamuzi, kwa maana mchumba kulala kwa wakwe kabla ya kukubaliwa ni aibu isiyooshwa. Nikaingia garini, nikazungusha ufunguo. Tik. Tena. Tik.

Wanaume wakazunguka nyuma wasukume. Walisukuma mara ya kwanza, gari likakohoa. Mara ya pili halikukohoa hata. Mara ya tatu likaanza kuteremka vizuri kuelekea shambani, nikatazama kioo cha nyuma nijiandae kuingiza gia, na humo kiooni nikaona, katikati ya wazee waliochoka, mwanamke aliyefunga leso kiunoni, bega lake juu ya buti la gari, uso wa Mwende mtupu ila wa miaka iliyozidi.

Mama mkwe wangu ananisukuma! Mimi nimeketi kwenye kiti kama chifu, nimempa mgongo! Hakuna diploma iliyonifundisha la kufanya. Nilifungua mlango nikaruka.

Gari nalo, likiwa huru, likaenda lenyewe. Likavuka tuta la kwanza, likapita katikati ya mbaazi, likatumbukiza pua kwenye mtaro na kutulia, matako juu. Mbuzi mmoja akalia.

"Mutuku!" mjomba akapiga kelele. "Una wazimu? Kwa nini umeruka?"

Nilikuwa chini, goti limechanika pamoja na suruali ya suti, nimefunika uso kwa mikono miwili. "Mjomba, mama alikuwa anasukuma."

Ndipo nikasikia kicheko. Kilikuwa cha mwanamke, kikaanza kidogo kikakua, na wengine wote wakakifuata. Alikuwa amenigeuzia mgongo, leso mdomoni, na hakuzungumza na mimi bali na mumewe: "Baba Mwende, huyu ako na nthoni. Chinjeni mbuzi."

Jamani, sijawahi kula nyama tamu kama ile, nikiwa na goti linavuja damu na vumbi kwenye meno. Tulilala kwa jirani, katekista, na asubuhi Pijo ilivutwa na ng'ombe hadi barabarani mbele ya soko zima, nami nikatembea nyuma yake nikisalimia watu.

Siku hizi nikienda kwa wakwe nabeba sukari na majani ya chai, sibebi chochote chenye waya, na gari naliegesha limeangalia mteremko wa barabarani. Mwende, mke wangu, hupenda kuwaambia wageni kwamba nilimpata kwa heshima zangu. Huwa naitikia kwa kichwa. Lakini moyoni najua kwamba kama wale wazee wangekuwa na nguvu zaidi kidogo mabegani, mama angebaki jikoni akifikiria, nami ningerudi Kyumbi na mbuzi wangu.