Maua ya Karatasi za Ukutani

Mwezi wa Maria ukifika, sanamu ya Bikira huzungushwa katika nyumba za shirika letu la sala hapa Mangobo, kila nyumba ikiipokea kwa zamu. Kwetu, mama ndiye aliyepamba mahali pa kuiweka. Tonton, ndugu yake, hubandika karatasi za ukutani kwenye nyumba za wafanyabiashara, na vipande vinavyobaki humletea dada yake. Mama alivigeuza mawaridi, mataji, misalaba midogo. Hakuna mwanamke wa shirika aliyethubutu kushindana naye. Alilijua hilo, na maringo yake ya Jumapili yalionekana toka mbali.

Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kuume ukafa. Mwezi wa Maria ulipokaribia, bado alituambia utapona. Aliupakata mapajani na kuukanda, akiusemesha polepole.

Mimi sina subira. Nilikwenda sokoni nikarudi na maua ya plastiki. Mama aliyatazama, akageukia ukuta, na chakula akakikataa. Bon, basi, nikakaa chini mbele yake na mfuko wa vipande vya tonton.

Karatasi ile ni ngumu, ukiikunja kavu inapasuka. Mama alinionyesha kwa mkono wa kushoto: pangusa upande wa nyuma kwa kitambaa chenye maji kidogo, ngoja ilegee, halafu viringisha ukingo kwenye mpini wa kijiko. Nilipoharibu, alifyonya. Nilipoharibu tena, tulifyonya wote wawili. Tulishinda tukigombana hivyo, yeye na maneno yake mazito mdomoni, mimi na vidole vilivyojaa gundi. Jioni taji lilikuwa tayari, mawaridi meupe yenye michirizi ya dhahabu, mabaki ya sebule ya tajiri fulani.

Kesho yake wanashirika walimleta Bikira wakiimba, wakamweka chini ya taji. Mama alikuwa kitini, amefungwa liputa, kitenge chake cha sikukuu. Mama kiongozi wa shirika aliyatazama yale maua, akashika kifua.

"Mama, mukono yako imerudia! Aksanti Mungu!"

Watu wakapiga makofi. Niliinamisha kichwa upesi, nikimwomba mama moyoni aitikie tu. Nilikuwa tayari kuubeba uongo ule maisha yangu yote.

Mama alingoja makofi yaishe.

"Hapana," akasema, akilivuta kila neno ili asikike vizuri. "Ni mukono ya mutoto yangu. Yangu ilishakufa."

Rozari ikaanza. Sikuweza kuitikia hata Salamu Maria moja, nililia tu mbele ya watu, bila haya. Wao walidhani ni furaha ya kusifiwa. Mimi nilikuwa naulilia mkono wa mama, maana mpaka dakika ile nami nilikuwa bado naamini utapona.