Mama Mashuka Akae Nyumbani

Dada yangu ana kichwa kigumu. Sisemi hivi kwa kumsengenya, maana nimemwambia usoni, naye akanijibu kwamba kichwa laini hakibebi beseni. Ndivyo alivyoanza, kwa beseni. Alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyopakana na kwetu, anaanika uani, anapiga pasi ya mkaa, anayarudisha yamekunjwa sawasawa hadi mwenye nyumba ya wageni akamtangaza kwa wenzake. Leo tuna banda zima la mashine, tuna magari, na kuna hoteli na hospitali ambazo sisi tukilala, nazo zinalala. Mjini wanamwita Mama Mashuka. Wafanyakazi wanamwita Mama tu, na kwa kuwa mimi ni mdogo wake, nimekuwa Mama Mdogo wa madereva wenye mvi, nipende nisipende. Kwenye mkataba wangu imeandikwa meneja wa uendeshaji, lakini hilo nalijua mimi na aliyeuchapa.

Sasa kinachonipandisha presha ni hiki. Kila asubuhi Mama Mashuka husimama getini, hukagua mizigo, hugusa kila gari ubavuni kama anapima homa, kisha husema, "Haya, nendeni." Kabla ya neno hilo gari haliondoki. Hata liwe limejaa, hata injini iwe inanguruma, haliondoki. Mambo haya yalianza enzi za mkokoteni. Siku moja mvuta mkokoteni aliondoka bila kuagwa, ukampindukia kwenye tope, mashuka meupe yakarudi kwenye beseni. Mwenye akili zake angesema gurudumu lilikuwa bovu, na kweli lilikuwa bovu, nililiona. Watu wetu wakasema hakuagwa na Mama.

Nilipoleta mfumo mpya nilidhani nimemaliza ubishi. Mteja anabonyeza simu yake, oda inaingia, mashine inapangiwa mzigo, dereva anaonyeshwa pa kupita na pa kuanzia. Madereva waliusoma vizuri sana, wakausifu, wakatia simu mfukoni, wakaenda kumsubiri Mama getini. Nikiuliza, naambiwa mwacha mila ni mtumwa. Jamani, mila gani ya kuchoma mafuta getini?

Dada mwenyewe nilimwambia, "Dada, ukipata mafua siku moja, hospitali watalalia nini?"

"Sijawahi kupata mafua," akasema. Na huo ndio ulikuwa mpango mkakati wa kampuni yetu.

Akaja mwekezaji. Alizunguka banda lote, akashika mashuka, akauliza maswali ya maana, na asubuhi moja akasimama nyuma ya geti akaona ile ibada ya kugusa magari. Alipokaa ofisini alisema kwa upole kwamba kampuni anaipenda, ila bado hajaiona. Alichokiona ni mama mmoja hodari na watu wanaomsubiri. Yuko tayari kutufungulia tawi la pili ng'ambo ya mji, lenye mashine kubwa, na mimi ndiye niliongoze. Lakini kwanza Mama akae nyumbani wiki nzima. Asikanyage kazini, asipige simu, asitume mtu. Atamleta mkaguzi wake aangalie. Kampuni ikitembea, tutatia saini. Isipotembea, tutabaki marafiki.

Nimelitaka tawi hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nimeishi nikiwa mdogo wa mtu tangu kuzaliwa, na ng'ambo ya mji hakuna anayenijua kwa jina la dada yangu. Kwa hiyo Jumapili nilimwapisha. Akaapa. Nikamnyang'anya simu, akanipa huku anatabasamu, na tabasamu lile lilinitia wasiwasi kuliko kama angegoma.

Jumatatu mizigo ilikuwa tayari mapema. Ya hospitali ilipakiwa kwanza, mashuka ya chumba cha upasuaji, ambayo lazima yafike kabla madaktari hawajaanza kazi. Mkaguzi, mwanamke mkimya mwenye miwani, alisimama kando ya mlango wa banda. Simu za madereva zikalia kwa pamoja, njia zikaonekana. Madereva wakawasha injini, na hapo ndipo walipogota.

"Mnasubiri nini?" nikauliza.

Dereva mkuu, mzee tunayemwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha, alishusha kioo. "Tunasubiri, Mama Mdogo."

"Simu imekuambia uende wapi?"

"Imeniambia."

"Na mzigo umekamilika?"

"Umekamilika."

"Basi nenda, baba."

Akatazama usukani kwa heshima zote. "Wewe ni mdogo," akasema. Wala hakusema kwa ubaya. Niliudhika mpaka masikio yakawaka moto. Nikawabembeleza, nikawatisha, nikawakumbusha kuwa tawi jipya ni ajira kwa watoto wao. Wakakubali kila neno na magari hayakusogea. Mkaguzi akatazama saa, akatazama geti, akaanza kubonyeza kwenye kompyuta yake ndogo. Nikaona tawi langu linaondoka likiniacha hapo na watu wazima wanaongoja kuagwa kama wanafunzi wa chekechea.

Nilipogeuka kutafuta hewa, nilimwona. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha vocha, amejitanda mtandio mpaka puani, anajifanya anachagua vocha. Kiapo chote kile. Ningemjua hata agubikwe gunia, maana hakuna mwingine anayesimama akiwa ameshika kiuno vile. Madereva nao walikuwa wamemwona, kila mmoja. Mkaguzi peke yake alikuwa ameinamisha kichwa.

Alikuwa na kazi ndogo tu ya kuinua mkono. Magari yangeondoka, hospitali ingepata mashuka, na mkaguzi angeinua kichwa akamkuta hapo. Nilimtazama dada yangu kwa macho ambayo sijawahi kumtazama nayo, ya kumwomba. Mkono ukainuka hadi kifuani, ukasita. Kisha akautumia kuvuta mtandio vizuri, akatupa mgongo, akaondoka zake bila kununua kitu.

Mzee Taratibu akakohoa. "Ametuona," akawaambia wenzake kwa sauti ya chini. "Twendeni." Magari yakatoka moja baada ya jingine. Mkaguzi akainua kichwa, akaniuliza ni nani aliyetoa amri. Nikamjibu kwamba hakuna, ni mfumo. Akaandika.

Mchana, hospitali walipothibitisha kuwa mashuka yalifika kwa wakati, nikaenda nyumbani kwa dada nikiwa nimejaza maneno mdomoni. Nilikuwa nimepanga kumweleza habari ya kiapo, ya uongo, ya utu uzima usio na adabu. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vya kazi miguuni.

"Walitoka?" akauliza kabla sijasalimia.

"Walitoka."

"Baada ya mimi kuondoka?"

"Baada ya wewe kuondoka."

"Nani aliwaambia?"

Ningemwambia ukweli, kwamba walitoka kwa sababu walimwona, angelala kwa raha usiku ule, na kesho angekuwa kwenye kibanda cha vocha kabla ya mwenye kibanda. Nilimjua. Nami nilikuwa nimechoka naye, na tawi nalitaka; ya getini kesho ningepambana nayo mwenyewe.

"Hakuna," nikasema. "Walisoma simu zao wakaenda."

"Hawakunitafuta hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema vizuri, ndivyo kampuni inavyotakiwa kuwa. Akainama kufungua kamba za viatu, akahangaika nazo muda mrefu, na nilipopiga magoti kumsaidia niliona machozi yanadondokea mikono yangu. Nikamvua kiatu cha kwanza, nikamvua na cha pili.