Waya wa Njano wa Buyenzi

Mimi ni mtu wa kushuku. Fundi wa vipimo asiyeshuku hafai, hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka yote. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa pale mtaa wa Asiatique, Bujumbura, nilianza kushuku kabla sijashusha mkoba.

Mwenye kiwanda, mama mfanyabiashara, alifunga mlango wa ofisi. Kuna mtu alikuwa amemnong'oneza kwamba mkaangaji wake, mzee wa kutoka Uvira, anabadilisha punje nzuri kwa mbovu, kisha anaziunguza ili ladha isijulikane. Alitaka joto la kikaangio lionekane kwenye kompyuta yake.

"Nikiona anaunguza, namufukuza," aliniambia.

Waya wa kupimia joto niliununua mtaa wa Buyenzi, kwa muuza vipuri aliyeutoa kwenye mashine kuukuu ya Kifaransa. Ulikuwa wa jozi: mmoja wa njano, mwenzake mweusi. Kitabu cha moduli yangu, cha Kimarekani, kilisema waya wa njano ni aina ya K, na mwenzake awe mwekundu. Huo mweusi nikaona ni ujanja wa muuzaji, kaunganisha chochote alichokipata. Moduli kazi yake ni kupokea ule umeme mdogo mno wa waya, kuukuza, na kuupeleka kwenye kompyuta ukiwa namba, lakini lazima uiambie waya ni wa aina gani. Nikachagua K.

Asubuhi ya kwanza kompyuta ilionyesha nyuzi mia mbili hamsini na nane, joto la kuunguza kahawa. Mzee akatikisa kichwa.

"Apana. Kahawa ikianza kulia pa! pa!, ni mia mbili. Minaisikia na masikio."

Sikumwamini hata kidogo. Niliona anavyohangaika, nikaona hatia. Nikaingia ofisini nikamwambia mama, kwa mdomo wangu, kwamba huyu ni mwizi. Mama akampa mpaka Jumamosi awe ameondoka.

Ijumaa mzee alikuja na sufuria ya maji yanayochemka.

"Fundi, weka ile waya yako umu ndani."

Nilichungulia sufuria kwanza, nisije nikachezewa. Yalikuwa maji matupu. Nikazamisha ncha ya waya, tukageukia kompyuta wote wawili: mia moja na kumi na nane. Hapa Bujumbura, kwa mwinuko wake, maji ya sufuria isiyo na kifuniko hayafiki hata mia. Nilishika simu nikatafuta rangi za waya za zamani za Kifaransa, nikasoma mara mbili: kwao kila aina ina waya wa njano, na kinachoitambulisha ni rangi ya yule mwenzake. Mweusi ni aina ya J. Muuzaji wa Buyenzi hakuwa amenidanganya chochote. Nilibadilisha herufi moja kwenye mipangilio, namba ikashuka hadi tisini na saba.

Nikajiambia nisiseme. Ningeweza kumwambia mama kwamba mzee amepunguza moto, mambo yakaisha, na hakuna ambaye angejua. Nikaenda ofisini, nikaeleza kosa ni langu. Mama alitoka mwenyewe kumwomba mzee msamaha, akamwambia Jumatatu aje kazini kama kawaida.

Nikarudi kwenye kikaangio kufunga vifaa. Nikaona na mimi niseme kitu.

"Unisamehe, mzee. Mashine ilinidanganya."

Alikuwa anapepeta punje kwenye ungo, hakuinua macho.

"Mashine ilisema namba tu," alisema. "Mwizi, ni we ulisema."