Homa ya Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi

Siku ile aliponiambia, "Papa, unichoree njia za ule mji," ningepaswa kujibu tu kwamba sizijui. Badala yake nikachukua kalamu.

Alikuwa mjane wa Kikongo, muuza vitenge, tukikaa jengo moja hapa Albert Park, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika. Nilikuwa nimemposa, naye alisema jibu nitalipata akirudi kutoka Uingereza. Alikuwa akienda kumtembelea binti yake, muuguzi katika mji mdogo wenye kanisa kuu la kale. Binti angeshinda kazini, hivyo mama angezunguka peke yake. Ni mji uleule ambao miaka yote nilimwambia niliishi ujanani.

Sikuwahi kufika huko. Nilikuwa mtunza bustani hapa, mtaa wa Morningside, kwa wazee wawili waliozaliwa katika mji huo wa Uingereza. Walipohama waliniachia riwaya ya mwandishi wa mji wao. Kwa elimu yangu ya kidato cha nne, na kamusi pembeni, niliisoma mara tatu, na polepole mambo ya mle nikaanza kuyasimulia kama yangu.

Basi nikamchorea daraja, duka la mikate, na nyumba ya bibi aliyeniuguza nilipopatwa na homa. Kisa cha homa kilikwisha kumliza mara mbili. Sikujua kwamba mwandishi alikuwa amebuni nusu ya mitaa.

Alirudi baada ya mwezi. Alinisimulia akiwa amesimama. Alipotea na karatasi yangu hadi akakuta kundi la wazee wa Kizungu wakitembezwa kwenye njia za mwandishi yule, maana mji mzima unamuenzi. Kiongozi wao alipoiona ramani, akawatangazia kwamba mama huyu katoka Afrika na anaijua riwaya kuliko yeye. Wakampigia makofi.

"Waliniuliza nimeisoma mara ngapi. Nikawaambia hii si kitabu, ni maisha ya rafiki yangu."

Akatoa mkobani riwaya mpya, akaiweka mezani. "Binti alinisomea. Papa, homa yako iko ukurasa wa mia mbili na kumi."

"Mama, homa niliugua kweli. Malaria, kule kwetu Tanga."

"Sasa nani alinichumbia? Wewe, ao huyu wa kitabu?"

Hata maneno ya posa nilikuwa nimeyatoa sura ya kumi na nne.

Aliolewa na fundi bomba wa mtaa wa Chatsworth, mtu asiyesoma kitu. Akija kuwaona majirani hunisalimu vizuri kwenye lifti. Mimi nina nakala mbili za kitabu kimoja, na napika chakula cha mtu mmoja. Ramani ile ilinikosesha mke.