Nimeacha Kukomunika, Kigango Kizima Kinasema Nina Mimba

Admin, kabla ya yote nakuomba ufiche jina langu na la kijiji, maana huku Rombo tunajuana mpaka ng'ombe. Nina miaka thelathini na mbili, ingawa siku hizi hata hiyo sina uhakika nayo, mtaelewa mbele. Ni fundi cherehani, sijaolewa, naishi na mama yangu mzazi. Mwaka wa tisa huu ni mwalimu wa dini katika kigango chetu, kanisa dogo lililo chini ya parokia. Padre anatufikia mara chache, Jumapili nyingine zote ibada naongoza mimi. Jumamosi asubuhi niko jumuiya, mchana nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, na magauni yao meupe nashona mwenyewe. Hata wazee hawaniiti jina, wananiita Mwalimu. Nilikuwa naringa, kwa nini niwafiche.

Mwaka huu nikapata mchumba, mfugaji wa kijiji jirani, mtu mtaratibu. Tulikubaliana tangu mwanzo kutogusana mpaka ndoa. Sasa ili mfunge ndoa kanisani, kila mmoja analeta cheti kipya kutoka parokia aliyobatiziwa. Ya kwangu, kadi ya ubatizo inasema ni huko chini tambarare, kwenye mashamba ya mpunga, ambako mama aliwahi kuishi akifanya vibarua. Nikapanda gari asubuhi nikijua ni kazi ya dakika kumi.

Katibu wa parokia, mama mmoja mpole, akafungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole kwenye mistari huku akitazama kadi yangu. Jina langu lipo, jina la mama lipo. Kidole chake kikasimama hapo. Akaniambia, "Dada, huyu mtoto hapa ameandikwa marehemu."

Nikacheka. Akakigeuza kitabu nione mwenyewe. Pembeni ya jina langu kulikuwa na msalaba mdogo na neno hilo moja. Akanishauri kwa upole, "Labda walikosea. Rudi na mama yako atueleze."

Nilimkuta mama akikata majani ya ng'ombe migombani. Hata shikamoo sikumpa, nilimwonyesha kadi tu. Akakaa chini juu ya majani yake, akaanza kulia. Yule aliyeandikwa alikuwa dada yangu, alibatizwa haraka akiwa mahututi, akafariki hajafikisha mwaka. Mimi nilizaliwa baadaye, nikapewa jina lake. Wakati huo mama alikuwa anaishi na baba bila ndoa, padre wa huko akamwambia wafunge ndoa kwanza ndipo mimi nibatizwe. Baba akaondoka, ndoa haikufungwa, mama akapanda nami huku kwao. Nilipofika umri wa Komunyo ya Kwanza nikawa nalia kwa sababu wenzangu wote wanajiandikisha, mama akaitoa kadi ya marehemu sandukuni. Hakuna aliyeuliza. Kwa kifupi, mwalimu wenu wa dini hajawahi kubatizwa.

Nilimwambia twende kwa padre, atanibatiza, yaishe. Mama akanishika miguu. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kigango, na ndiye huwafuata majumbani wanaoishi bila ndoa kuwakaripia. "Wale niliowasema watanila nyama mwanangu. Nizike kwanza, ndiyo uende kwa padre." Akaniapisha. Na mimi, kwa kumwonea huruma, nikaapa. Ndipo nilipojifunga.

Kwa sababu Komunyo siwezi tena kupokea, nafsi inakataa. Nimewafundisha watoto mwenyewe kwamba asiyebatizwa hapokei sakramenti nyingine yoyote, hata kitubio. Hata watoto saba niliowahi kuwasimamia ubatizo sithubutu kuwatazama usoni. Kwetu Komunyo hutolewa padre anapokuja tu, na Misa mbili zilizopita watu walipopanga mstari nilibaki kwenye benchi la mbele peke yangu, kanisa zima linaniona. Mama alipita karibu yangu mikono ameikunja, akapokea, akarudi, akapiga magoti.

Huku mtu akiacha kukomunika watu hawaulizi, wanajaza wenyewe. Baada ya Misa ya pili, tukiwa nje kwenye mnada wa ndizi zilizotolewa sadaka, mama mmoja akanipigia kelele, "Mwalimu, mtori tuanze kuandaa lini?" Wenzake wakacheka wakinitazama tumbo. Mtori huku ndio chakula cha mzazi. Nilitabasamu kama mjinga.

Juzi mchumba wangu akaja nyumbani mchana. Mama alikuwa anatumiminia chai. Hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kofia, akasema polepole, "Mwalimu, mimi sijawahi kukugusa, unajua na Mungu anajua. Sikuja kugomba. Niambie tu, ni ya nani?"

Nikamwambia sina mimba. Akaniuliza, "Basi kwa nini hukomuniki?" Nikamtazama mama. Ndugu zangu, nilimtazama yule mama kwa macho ya kumwomba, neno lake moja lingetosha. Mama akaweka birika chini, akamwambia, "Karibu chai baba, isije ikapoa."

Akavaa kofia yake akaondoka. Amenitumia ujumbe kwamba anasubiri jibu mpaka Jumapili, nisipomjibu atawaambia wazazi wake wasije tena kwetu.

Nishaurini, nifanye nini? Nikisema, mama yangu hataweza tena kutoka nje ya kihamba chake, hili shamba la migomba la nyumbani, na alinilea peke yake kwa vibarua. Nisiposema, nampoteza mwanaume ambaye sijamkosea chochote. Msiniambie nisali, nasali kila siku. Na tafadhali msimtukane mama. Tangu juzi hali chakula, na kila nikigusa mlango ananiuliza naenda wapi.