Mdomo Mwekundu, Mdomo wa Buluu

Jumapili tukitoka kanisani, mie na mume wangu tulipitia bwawani, huku kwetu Mtoni, kutazama bata mwitu. Majirani walitushangaa: bata humli, humfugi, unamtazamia nini? Sie tuliona raha. Tulibishana zaidi juu ya bata wa aina mbili wanaofanana mno, wote utosi mweusi na mashavu meupe. Tofauti ni mdomo, mmoja mwekundu, mwingine wa buluu, na huyo wa buluu ni mdogo kidogo. Jua likipiga majini, hata hilo hulioni.

Mwaka mmoja nikaanza kumshuku macho. Gazeti alilishika mbali, mkono umenyooka, kana kwamba limemkosea. Naye alikuwa karani, na karani asiyeona hana kazi. Nikimuuliza, anasingizia taa. Nikajisemea, mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu nitampima mwenyewe.

Jumapili iliyofuata akaja bata mmoja karibu kabisa, mdomo mwekundu kama pilipili. Nikasema, "Huyo wa buluu."

Akamtazama bata, akanitazama mie. "Naam, mama watoto. Wa buluu."

Njia nzima niliwaza kazi itakwisha, tutarudi bara kulima, nitamshika mkono mpaka chooni. Tulipofika nyumbani nikashindwa kujizuia, nikalia.

"Baba watoto, huoni," nikamwambia. "Yule alikuwa mwekundu. Nilikudanganya makusudi."

Akakaa kitini taratibu. "Mwekundu nilimwona, hata tone la maji lililoning'inia mdomoni nililiona. Mbali naona vizuri, ni maandishi ya karibu tu yanayonisumbua, nitanunua miwani. Nilidhani wewe ndiye macho yamekuisha, nikaona nisikuaibishe. Njia nzima nilikuwa nawaza nitajifunzaje kusonga ugali."

Nilimpenda sana saa ile, na hasira zilinipanda vilevile. Nikamwapisha: siku nyingine nikikosea aseme, hata mbele ya mchungaji.

Alitii kupita kiasi. Miaka yote iliyofuata sikutaja bata asinibishie, na kila aliponibishia, moyo wangu ulitulia.